Kupamba pikigadi ya gitaa la umeme

Pikigadi ni bamba jembamba linalofungwa kwa skrubu juu ya uso wa gitaa, kando ya nyuzi, pale mkono wa mpigaji unapopita. Kazi yake ya kwanza ni kuzuia piki (kipande kidogo cha kupigia nyuzi) na kucha zisichane vanishi na mbao. Lakini kwa kuwa bamba hili hukalia sehemu kubwa ya uso, ndilo pia linaloamua sura ya chombo kizima. David Gilmour, mpiga gitaa wa Pink Floyd, alibadilisha pikigadi nyeupe ya gitaa lake jeusi la Stratocaster mwaka 1974 akaweka nyeusi. Gitaa hilo likajulikana kwa weusi wake, na mwaka 2019 liliuzwa mnadani kwa dola za Marekani milioni 3.975.

Faida kubwa ya kupamba pikigadi ni kwamba kazi hiyo haigusi mbao. Bamba hufunguliwa, hubadilishwa, na likichosha macho hurudishwa la zamani. Kwa gitaa la kwaya au la bendi, ambalo ni mali ya kikundi na hupita mikononi mwa wengi, hilo ni jambo la maana. Basi bamba la asili halitupwi. Hufungwa kwenye kitambaa pamoja na skrubu zake na kuhifadhiwa.

Ugumu wa kazi hutegemea aina ya gitaa. Kwenye gitaa la umbo la Telecaster, bamba ni kinga zaidi kuliko kingine: vidhibiti vya sauti vimefungwa kwenye kipande chao cha chuma, hivyo pikigadi kwa kawaida hutoka bila kukata waya. Kwenye umbo la Les Paul, bamba ni dogo na huelea juu ya uso likishikwa na kibanio pembeni. Umbo la Stratocaster ndilo linalohitaji uangalifu, kwa sababu pikapu tatu (vifaa vinavyonasa mtetemo wa nyuzi), vidhibiti vitatu na swichi vyote vimefungwa kwenye bamba lenyewe. Idadi ya skrubu nayo hutofautiana: Stratocaster za mwaka 1954 zilikuwa na bamba la tabaka moja lenye skrubu 8, na kuanzia mwaka 1959 zikaja za matabaka zenye skrubu 11. Bamba la mtindo mmoja halitaoana na matundu ya mwingine, na kutoboa matundu mapya kwenye mbao ni kuvunja kanuni ya kutogusa mwili wa gitaa.

Malighafi ya bamba nayo ina historia inayofika hadi pwani ya Afrika Mashariki. Kabla ya plastiki, kinga za mandolini na magitaa ya kawaida zilitengenezwa pia kwa magamba ya kasa aina ya ng'amba. Magamba ya kasa yalikuwa bidhaa ya pwani hii tangu zamani: kitabu cha mabaharia cha karne ya kwanza, Periplus, kinayataja pamoja na pembe za ndovu kati ya bidhaa zilizotoka bandari ya Rhapta. Leo biashara ya kimataifa ya magamba hayo imekatazwa chini ya mkataba wa CITES uliotiwa saini mwaka 1973. Mabaka ya kahawia na mekundu yanayoonekana kwenye pikigadi nyingi ni mwigo wa plastiki.

Plastiki ya kwanza iliyotumika kuigiza ng'amba ni seluloidi. Bamba la zamani la seluloidi hunukia kafuri likisuguliwa kwa kidole, nalo hushika moto upesi mno; halifai kukaribishwa kwenye pasi ya kulehemu wala kukaushiwa rangi kwa joto. Mabamba mengi ya sasa ni ya PVC au akriliki, yenye unene wa takribani milimita 2 hadi 2.5. Ukingo wake uliolazwa huonyesha matabaka, kwa kawaida nyeupe, nyeusi, nyeupe. Kwa hiyo anayepiga rangi bamba la matabaka huamua mapema kama mstari huo wa ukingoni utafunikwa au utazibwa kwa karatasi ya gundi ili ubaki.

Kazi huanza kwa kulegeza nyuzi na kuzitoa. Skrubu hufunguliwa kwa bisibisi inayoshika vizuri, kisha bamba huinuliwa polepole, kwani waya unaokwenda kwenye tundu la amplifaya na ule wa ethi unaokwenda kwenye springi za nyuma bado zimeungwa. Picha ya simu ya nyaya zote, ikipigwa kabla ya kitu chochote kutolewa, humwokoa fundi wakati wa kurudishia. Pikapu, vidhibiti na swichi hufunguliwa vikiwa vimeungana na kuwekwa kando kama fungu moja.

Njia nyepesi ya kupamba ni stika, ile ile inayobandikwa kwenye pikipiki na magari. Bamba huoshwa kwa sabuni likauke, stika hubandikwa kutoka katikati kwenda pembeni ili hewa itoke, na matundu hukatwa kwa wembe kutokea upande wa nyuma. Udhaifu wake ni ukingo: piki hupita hapo kila siku na huanza kuibandua.

Rangi hudumu zaidi ikiandaliwa vizuri. Uso husuguliwa kwa msasa laini mpaka mng'ao uishe, kisha rangi hupigwa kwa matabaka membamba, kila moja likiachwa likauke, na juu yake vanishi. Baadhi ya rangi za kupuliza huyeyusha plastiki, hivyo hujaribiwa kwanza upande usioonekana. Kwa michoro ya mkono, rangi ya mafuta yenye mng'ao inafaa. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi ya aina hiyo juu ya mbao za kubana, na sababu zake zinafaa hapa pia: inapatikana dukani, ina nguvu ya rangi, na hukauka ikawa ngumu.

Njia nzuri kuliko zote kwa anayetaka nakshi isichubuke ni akriliki angavu. Bamba la zamani hutumika kama kielelezo: huwekwa juu ya akriliki, huchorwa pembeni, hukatwa nje kidogo ya mstari kwa msumeno mwembamba, kisha tupa hufikisha ukingo mahali pake. Matundu hutobolewa kwa mwendo mdogo, kwa kuwa akriliki hupasuka ikiharakishwa. Kisha kitenge, kanga au picha hugandishwa upande wa chini kwa gundi angavu, na piki hugusa akriliki tu. Anayechora badala ya kubandika huchora pia upande wa chini, kwa mpangilio uliogeuzwa: maelezo madogo kwanza, rangi ya usuli mwisho.

Ngozi ya ng'ombe, ambayo si haba katika nchi ya wafugaji kama wilaya ya Ikungi, mkoani Singida, huvutia ikiwa imetengenezwa vizuri na kugandishwa juu ya bamba gumu. Unene wake hufaa zaidi umbo la Telecaster; kwenye Stratocaster hubadilisha kimo cha vidhibiti na pikapu.

Hali ya hewa ya Ikungi huongeza mambo mawili. La kwanza ni jua. Rangi nyekundu na nyingine nyingi hupauka, na akriliki iliyoachwa ndani ya gari lililofungwa huweza kupinda. La pili ni ukavu. Mvua za Singida huja kwa msimu mmoja, takribani kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Katika miezi ya kiangazi hewa huwa kavu sana. Plastiki ikisuguliwa na mkono katika hewa hiyo hukusanya umeme tuli, na spika hutoa mlio wa kupasukapasuka ambao wengi huudhania ni waya mbovu. Dawa yake ni kubandika karatasi ya aluminiamu upande wa chini wa bamba, chini ya vidhibiti, iguse maganda yao ambayo tayari yameungwa na ethi. Karatasi hiyo hupunguza pia mvumo unaotoka kwenye taa na nyaya za jirani. Haipaswi kugusa ncha za waya wa sauti, la sivyo gitaa hunyamaza. Ncha hizo hufunikwa kwa utepe wa umeme.

Wakati wa kurudishia, skrubu zote huingizwa nusu kwanza, bamba likae sawa, ndipo zikazwe kwa zamu bila nguvu nyingi. Nyuzi hufungwa, na kimo cha pikapu hupimwa upya. Baada ya hapo pikigadi huhitaji kitambaa chenye unyevu kidogo kufuta vumbi kabla ya kupangusa, kwa kuwa mchanga mkavu hukwaruza akriliki. Petroli na tina havitumiki kamwe kuisafisha, maana huondoa mng'ao na kufungua nyufa kwenye plastiki.