Kumbe mtoto haoni, mimi nagawa vibao!

Mpenzi msomaji, wiki hii sina habari za muziki wala za mapenzi. Nakuja kwako kuungama.

Hapa Kirumba naishi na dada yangu, muuza dagaa pale Mwaloni, pamoja na mwanawe wa miaka 4. Huyu mpwa wangu alikuwa na sifa mbaya nyumba nzima. Mpe kikombe cha chai, atakiweka pembeni kabisa mwa meza, pwaa! Mrushie mpira, anadaka hewa. Ngazi za mawe kila siku anajikwaa. Luninga anaitazama kiupande upande, kama kuku. Mwalimu wake wa chekechea alishatamka kwamba mtoto ni mzito.

Jioni moja natoka kuangalia mechi Uwanja wa CCM Kirumba, njaa inauma, dogo akapiga kumbo bakuli la sato. Nikamlamba kibao. Hakulia sana. Alisema tu, "Anko, sikuliona."

Nikadhani ni ujanja wa watoto.

Jumapili yake tulikuwa tunacheza. Nikamziba jicho la kushoto kwa kiganja, akacheka. Nikamziba la kulia, akapiga kelele na kuutoa mkono wangu kwa nguvu. Nikarudia mara tatu, mambo yakawa yale yale. Moyo ukanilipuka paa!

"Dada, huyu mtoto jicho moja halioni vizuri."

"Ebo! Usimtabirie mwanangu mabaya, mdogo wangu. Mbona jana kaniokotea sindano?"

Kumbe sindano aliiokota kwa jicho zima! Jirani akatushauri tumkamulie majani jichoni. Dada, namshukuru Mungu, akakataa. Dawa za namna hiyo zinaweza kuunguza kioo cha jicho, na hapo ndipo upofu wenyewe unapoanza.

Hospitalini daktari alimtia matone, akammulika, akampima. Akatueleza kwamba jicho moja lilihitaji miwani tangu mwanzo. Ubongo ukaona taabu ya nini, ukategemea lile zuri na kuliacha jingine lilale. Hilo ndilo linaitwa jicho vivu. Kwa nje linang'aa kama kawaida. Tiba yake ni miwani, kisha kuliziba jicho zuri kwa saa kadhaa kila siku ili lile vivu lilazimike kufanya kazi. Tiba hiyo inataka mapema. Mtoto akishapita miaka 7 au 8, kumrekebisha kunakuwa kugumu.

Nikauliza, sasa mbona hakutuambia? Daktari akacheka. Mtoto ataambia nini, na anadhani watu wote wanaona kama yeye?

Na usifikiri ni mpwa wangu peke yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulipima wanafunzi 2,511 wa sekondari hapa jijini Mwanza. Waliokutwa na kasoro kubwa ya kuona ya kurekebishwa kwa miwani walikuwa 154, na waliokuwa wakiivaa hawakufika hata theluthi moja. Yaani mtu kafika sekondari, ubao anausoma kwa kubahatisha!

Basi wewe mwenye mtoto, mdogo wako au mpwa, fungua macho. Mtoto wa miezi 3 hafuati uso wako kwa macho? Kapita miezi 4 na macho bado yanapishana? Mkubwa kidogo anakunja macho, anainamisha kichwa upande mmoja, anabandika pua kwenye luninga? Mpeleke akapimwe. Bugando kuna idara ya macho.

La hatari kuliko yote ni weupe ndani ya mboni. Wakati mwingine unaonekana kwenye picha ya simu iliyopigwa kwa mwanga: jicho moja jekundu, la pili jeupe. Unaweza kuwa mtoto wa jicho, unaweza kuwa saratani, na saratani hiyo huua. Ukiuona, usingoje mwisho wa mwezi. Nenda siku hiyo hiyo.

Dogo sasa anavaa miwani, na bandeji yake tumeichora simba ili asiivue. Daktari anasema safari bado ndefu. Juzi nilimrushia mpira mara tatu, akadaka mmoja. Kile kibao nimeshamwomba radhi, ingawa yeye alishakisahau. Mimi bado.

Haya, wiki ijayo tena.