Vyuma vimekaza? Ziba mianya ya biashara yako kabla ya kukimbilia mkopo

Mwamanyili, Busega. Ukifanya biashara ndogo huku Simiyu unajua kabisa: pesa ya mtaani inafuata pamba na ziwa. Pamba ikilipwa vizuri, cherehani hazilali. Ikikwama, hata muuza vocha anapiga miayo.

Mwaka 2019 wengi hawajausahau. Bei elekezi ya pamba ilikuwa Sh1,200 kwa kilo, bei ya soko la dunia ikashuka, wanunuzi wakasuasua na wakulima wengi wakakaa wakidai pesa zao. Upande wa ziwa nako kuna kalenda yake. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, hivyo mbalamwezi ikiwaka mitumbwi mingi hupumzika na mzunguko wa pesa unapungua.

Bei ya pamba huwezi kuipandisha na mwezi huwezi kuuzima. Kilichobaki mikononi mwako ni namna unavyofanya kazi.

"Muda" wa Wajapani

Wajapani wana neno "muda". Ukiliandika kwa herufi zetu linafanana kabisa na muda wetu, ila kwao maana yake ni upotevu: chochote kinachokula pesa, nguvu au saa zako bila kumpa mteja faida yoyote.

Kampuni iliyolipa umaarufu neno hilo ni Toyota, nayo ilijifunza kwenye shida. Mwaka 1950 ilielemewa na madeni, ikapunguza wafanyakazi, wakagoma, na mwanzilishi wake Kiichiro Toyoda akajiuzulu. Mhandisi Taiichi Ohno akaendelea kujenga mfumo wa kuwinda upotevu wa aina 7: kuzalisha kupita mahitaji, kusubiri, kusafirisha ovyo, kazi isiyo ya lazima, mzigo unaolala stoo, kuzunguka-zunguka, na kazi mbovu inayorudiwa.

Kuboresha kidogo kidogo kila siku ndiyo huitwa kaizen. Tanzania si ngeni. Hospitali ya Rufaa Mbeya ilianza mwaka 2007 kutumia hatua 5 za kupanga sehemu ya kazi: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Viwandani, serikali imekuwa ikiifundisha tangu 2013 kwa msaada wa JICA.

Kwenye kibanda chako inakuwaje? Fanya hivi.

1. Andika kwa wiki 2

Daftari moja linatosha. Andika ulichouza, kilichobaki, kilichoharibika, nauli na uliyemkopesha. Usibadilishe kitu kwanza. Bila namba unakisia tu, na kwenye hali ngumu kukisia kunakula mtaji.

2. Tafuta mwanya mkubwa kuliko yote

Chukua mfano wa mama lishe anayebakiza sahani 6 kila siku. Kama vitu vilivyotumika kwa kila sahani ni Sh1,000, anamwaga Sh6,000 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni Sh156,000. Huo ni mtaji unaoishia jalalani.

Au fundi cherehani anayepanda bodaboda mara 4 kwa wiki kufuata uzi na zipu, nauli Sh4,000 kwenda na kurudi. Ni Sh16,000. Akiweka orodha na kwenda mara 1, anabakiwa na Sh12,000 kila wiki.

3. Jiulize "kwa nini" mara kadhaa

Kwa nini chakula kinabaki? Kwa sababu anapika kilo zilezile kila siku. Kwa nini? Kwa sababu hajui siku zipi wateja hupungua. Hapo dawa imeonekana: daftari litamwonyesha siku za kupunguza, kwa mfano mbalamwezi inapowaka.

4. Badilisha kitu kimoja tu, kisha pima

Panga, fanya, kagua, rekebisha. Ukibadilisha vitu 5 kwa mpigo hutajua kipi kimesaidia. Jipe wiki 1, linganisha na daftari. Kikifanya kazi, kifanye utaratibu na kila msaidizi akijue. Kisipofanya kazi, jaribu kingine.

5. Wekea deni mpaka

Ukikopesha kwa ahadi ya "nitalipa pamba ikilipwa", pesa yako inalala mahali pamoja na ya mkulima. Panga kiwango cha juu ambacho duka linaweza kubeba bila kushindwa kununua mzigo mpya. Kikifika, hapo ndio mwisho. Hata ndugu aambiwe mapema, kwa heshima.

Mambo ya kuepuka

Usipunguze vipimo kimyakimya. Mtaa ni mdogo, mteja akishtuka harudi, na atawaambia wenzake.

Usianze kwa kumfukuza msaidizi pia. Yeye ndiye anayejua unga unamwagika wapi. Akiona kila wazo lake linahatarisha kibarua chake, atanyamaza, na kaizen yako itafia hapo.

Na tusidanganyane: njia hii haileti wateja ambao hawana pesa. Inachofanya ni kukusaidia ubaki wazi hadi msimu ugeuke. Kuna tofauti kubwa kati ya duka linalofika msimu ujao likiwa na mtaji wake na lile linalofika likiwa na mkopo wa kuziba tundu ambalo bado linavuja.

Ukitaka mafunzo zaidi, ulizia SIDO, shirika la serikali lililoanzishwa 1973 kuhudumia viwanda vidogo. Wakati unasubiri, nunua daftari. Leo jioni kabla ya kufunga, andika mstari wa kwanza: nini kimebaki, na kwa nini.