Je, Wajua? Mkono, Upepo na Kocha wa Softiboli Turkana

Je, wajua kwamba anayetafuta asili ya kurusha kwa nguvu hawezi kuipita Turkana? Mwaka 1984, huko Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, mtafutaji hodari wa visukuku Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo cha fuvu kati ya changarawe. Uchimbaji uliofuata ulitoa karibu mifupa yote ya kijana wa jamii ya Homo erectus aliyekufa yapata miaka milioni 1.5 iliyopita. Dunia inamjua kama Mvulana wa Turkana.

Mwaka 2013, mtafiti Neil Roach na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti walioufanya kwa kuwapima wachezaji wa besiboli wa vyuo. Waligundua kuwa mtu anaporudisha mkono nyuma, kano na misuli ya bega huvutika na kuhifadhi nguvu. Akiuachilia, mfupa wa juu wa mkono huzunguka kwa kasi inayoweza kufikia nyuzi 9,000 kwa sekunde, na hakuna kiungo kingine cha binadamu kinachokwenda kasi hiyo. Kwa maoni yao, maumbile yote yanayowezesha jambo hilo yalikutana kwa mara ya kwanza katika Homo erectus, karibu miaka milioni 2 iliyopita. Wapo wataalamu wanaopinga, wakisema bega la kijana wa Nariokotome halikufanana na letu, na mjadala ungalipo. Lakini kuhusu sisi wa leo hakuna ubishi. Mtoto wa Lodwar anayerusha kokoto ng'ambo ya Mto Turkwel ana bega la aina ile ile aliyonayo mrushaji wa Olimpiki. Anachokosa ni mtu wa kumfundisha, na hilo ndilo linalonishughulisha katika makala haya.

Je, wajua kwamba mpira wa kwanza wa softiboli ulikuwa glavu ya ndondi? Ilikuwa Chicago, Siku ya Shukrani ya mwaka 1887, ndani ya jengo la klabu ya Farragut. Vijana waliifunga glavu kwa kamba, wakachukua mpini wa ufagio kuwa gongo, naye George Hancock akachora mistari ya uwanja kwa chaki. Mchezo uliozaliwa kwa vifaa hivyo uliingia Olimpiki mwaka 1996. Umerudishwa tena kwa Los Angeles 2028.

Jina lisikudanganye: mpira wa softiboli si laini. Mzingo wake ni kama sentimita 30, uzito wake unakaribia gramu 200, na ukikupata kifuani utaukumbuka. Kwa wanawake, mrushaji husimama mita 13.11 kutoka kwa mpigaji. Mrushaji wa daraja la juu huupeleka mpira kwa zaidi ya kilomita 100 kwa saa, kwa hiyo mpigaji ana takriban sekunde 0.4 za kuuona, kuamua na kupiga. Muda huo haumtoshi mtu ambaye bado anakumbuka alivyoambiwa ashike gongo. Mwili unatakiwa uwe umekwisha kujua, na mwili hujua kwa kurudia jambo sahihi mara nyingi. Akirudia kosa mara nyingi, kosa nalo hukomaa.

Je, wajua kwamba kurusha kwa mkono wa chini kuliwahi kudhaniwa hakuumizi? Katika softiboli mrushaji huuzungusha mkono duara zima kando ya mwili na kuuachia mpira usawa wa nyonga. Kwa miaka mingi makocha waliamini kwamba mwendo huo ni wa asili, kwamba binti mmoja aweza kurusha mechi baada ya mechi bila madhara. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 katika jarida la Marekani la tiba ya michezo ulipima kazi ya msuli wa mbele wa mkono, ukakuta kwamba msuli huo hufanya kazi zaidi katika mzunguko wa softiboli kuliko katika kurusha kwa mkono wa juu. Maumivu ya mbele ya bega ambayo wasichana walikuwa wakiambiwa wayavumilie yalikuwa na sababu.

Hapa ndipo kliniki ya makocha, yaani mafunzo mafupi ya vitendo kwa wanaofundisha mchezo, inapolipa gharama yake. Mwalimu mwenye moyo lakini asiye na mafunzo atampata msichana mmoja mwenye mkono mzuri na kumtumia mpaka mkono umwishe. Aliyefundishwa atahesabu mipira, ataandaa warushaji watatu au wanne, na atamwuliza mchezaji bega linasemaje kabla ya kumwuliza kama yuko tayari.

Tena kuna siri ya ufundishaji ambayo huwezi kuiotea kwa kutazama mechi: mzunguko huu makocha wengi huufundisha kuanzia mwisho. Mwanafunzi huanza na kiganja tu, mkono ukiwa umetulia pajani, akiurusha mpira mita mbili au tatu kwa mwenzake. Kiganja kikikubali, anaongezewa robo duara, kisha nusu, kisha duara zima, na hatua ya mguu huja baadaye. Anayeanza na duara zima siku ya kwanza ataona mipira ikiruka hadi kwenye paa la darasa, na wanafunzi wakikata tamaa.

Kliniki nzuri humweka kocha mwenyewe katikati ya uwanja. Anarusha, anakosea, anasahihishwa. Halafu anapewa wenzake kumi na kuambiwa afundishe zoezi lile lile alilofundishwa asubuhi, mtaalamu akiwa kando. Kusikiliza hotuba siku mbili na kupigwa picha ukiwa na cheti ni jambo jingine kabisa, na naona tumezipa hafla za namna hiyo heshima kubwa kuliko zinavyostahili.

Je, wajua kwamba kocha wa Turkana ana mpinzani mmoja asiyeonekana? Kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Afrika Mashariki kuna bonde pana, na upepo wa kusini-mashariki hubanwa humo ukaongeza mwendo. Wanasayansi Kinuthia na Asnani waliueleza mkondo huo mwaka 1982. Huwa na nguvu zaidi usiku hadi asubuhi, mita mia kadhaa juu ya ardhi. Ndio pia unaoendesha mitambo 365 ya umeme wa upepo ng'ambo ya ziwa, katika Kaunti ya Marsabit. Kwa upepo huo, mpira uliopigwa juu sana hauanguki pale macho yanapoutarajia, hivyo mdakaji wa Lodwar afundishwe kutazama vumbi na matawi kabla ya kila mpigo, na kupaza sauti "Wangu!" mapema ili wawili wasigongane.

Joto nalo lina sauti. Mchana wa Lodwar hufikia nyuzi 35 kwa kawaida, basi mazoezi ni ya alfajiri au jioni. Kuserereka kwenye kituo, jambo linalopendeza kwenye uwanja laini, si la kufundisha juu ya changarawe na miiba ya miti ya mathenge. Kituo cha kwanza katika softiboli mara nyingi huwa na rangi mbili, nyeupe kwa mlinzi na chungwa kwa mkimbiaji, ili wasikanyagane. Palipo na magunia mawili yaliyojazwa mchanga, kinga hiyo inapatikana hata katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma bila kungoja mzigo kutoka ng'ambo.

Kwa nini basi softiboli, katika kaunti ya wapenda kandanda? Kwa sababu tayari imo darasani. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini Kenya mwaka 2019, umeiweka softiboli miongoni mwa michezo inayofundishwa shuleni. Kwa hiyo mwalimu wa Lodwar, wa Kakuma au wa Kalobeyei anatazamiwa kufundisha mchezo ambao huenda hakuucheza hata siku moja. Wengi wanakumbuka raunda za shule ya msingi, nazo zinasaidia, maana kupiga na kukimbilia vituo ni kule kule. Zaidi ya hapo anahitaji msaada wa kweli.

Je, wajua kwamba kocha wa David Rudisha alifika Kenya akiwa mwalimu wa jiografia? Bruda Colm O'Connell kutoka Ireland aliripoti Shule ya St. Patrick's, Iten, mwaka 1976, bila ujuzi wowote wa kufundisha riadha. Aliyemwonyesha njia ni mwalimu mwenzake, Peter Foster, kisha Foster akaondoka. Bruda Colm akabaki. Alijifunza kwa kuwatazama wanafunzi wake mwaka baada ya mwaka, akaanzisha kambi za likizo, na kutoka mikononi mwake akatokea bingwa wa Olimpiki ya Seoul wa mita 1,500, Peter Rono, na baadaye Rudisha aliyekimbia mita 800 kwa 1:40.91 huko London mwaka 2012. Mtaalamu aliyepita alifungua mlango, lakini kazi ilifanywa na mwalimu aliyeendelea kuwa pale Jumatatu iliyofuata.

Kakuma yenyewe ina ushahidi wake. Kambi hiyo ilianzishwa mwaka 1992, kilomita kama 120 kutoka Lodwar. Mwaka 2015 Tegla Loroupe, mwanamke wa kwanza wa Afrika kushinda New York Marathon, aliongoza majaribio ya mbio humo, na waliochaguliwa wakapelekwa Ngong kufundishwa. Mwaka mmoja baadaye, timu ya kwanza ya Olimpiki ya wakimbizi iliingia uwanjani Rio ikiwa na wanamichezo 10. Watano kati yao walitoka Kakuma, na aliyebeba bendera alikuwa Rose Nathike Lokonyen. Vipaji hivyo havikuzaliwa mwaka 2015, vilikuwapo. Ambao hawakuwapo ni watu wenye jicho la kuviona.

Na kipaji kikionekana chaweza kuzaa kocha: Paul Ereng, Mturkana, alishinda dhahabu ya mita 800 Seoul mwaka 1988 kwa 1:43.45, katika mwaka wake wa kwanza wa kukimbia umbali huo. Baadaye akawa kocha, kwa miaka mingi, katika Chuo Kikuu cha Texas huko El Paso.

Je, wajua kwamba timu yaweza kushinda uwanjani ikashindwa ofisini? Mwaka 2011 watoto wa Kampala walishinda kanda yao ya besiboli na kupata nafasi ya kwenda Williamsport, Marekani, kwenye mashindano ya Little League. Walinyimwa viza kwa sababu ya kasoro katika nyaraka. Timu ya Langley, Kanada, iliyokuwa icheze nao, ilisafiri hadi Uganda Januari 2012 ili mechi ipatikane. Mwaka huo huo watoto wa Lugazi, pia Uganda, wakafuzu, wakafika, wakawa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza kwenye mashindano hayo, na wakawafunga Gresham ya Oregon 3-2. Kocha wa Kakuma, ambaye wachezaji wake wengi ni watoto wa wakimbizi, aanze na faili la kila mtoto kabla ya kununua gongo.

Na gongo lenyewe laweza kungoja. Shirikisho la dunia la besiboli na softiboli, WBSC, lina mchezo uitwao Baseball5: mpira mmoja wa raba, wachezaji watano kila upande, wasichana na wavulana pamoja, bila gongo wala glavu. Anayepiga hupiga kwa mkono. Vituo viko mita 13 kimoja hadi kingine, na eneo la mchezo ni mraba wa mita 18, kwa hiyo uwanja wa kawaida wa shule hubeba michezo miwili au zaidi kwa wakati mmoja. Umepangwa kuchezwa katika Olimpiki ya Vijana ya Dakar 2026. Mwalimu wa Lodwar mwenye mpira mmoja, chokaa kidogo na kliniki moja iliyofanywa kwa uaminifu aweza kufundisha kudaka, kukimbilia kituo na kusoma mchezo muhula huu, na kurusha kwa duara zima muhula ujao.