Tochi ya taa nyingi: Ni umeme kiasi gani ulio salama?

WAFUGAJI wa Mukurweini, Kaunti ya Nyeri, hukama ng'ombe kabla ya mapambazuko ili maziwa yawahi gari la kuyakusanya. Saa hizo, na pia usiku wa kulinda kahawa iliyoiva, tochi ni chombo cha kazi. Lakini fundi anayeunganisha taa tatu za LED na betri ya lithiamu iliyotolewa kwenye kompyuta kuukuu ili kupata mwangaza mkali, anaweza kumkabidhi mteja wake moto badala ya mwanga.

Balbu ya zamani ilijilinda: waya wake ulipopata joto, ulizuia umeme. LED hufanya kinyume. Ikipata joto, volti inazohitaji hupungua, nayo huvuta umeme mwingi zaidi, ambao huizidishia joto hadi iungue. Kwa sababu hiyo, taa tatu zilizounganishwa sambamba chini ya rezista moja hazigawani umeme sawasawa. Ile yenye joto zaidi hunyakua fungu la wenzake, na ikishaungua, mzigo wote huwaangukia wawili waliosalia. Kila taa yapasa kuwa na rezista yake.

Kosa la pili ni kuamini kipimo cha juu kilichoandikwa na kiwanda. Tuseme kila LED yaweza kustahimili ampea 1.5. Taa tatu sambamba zitadai ampea 4.5 kutoka kwa betri moja. Betri ya kawaida ya kompyuta yenye uwezo wa miliampea 2,200 kwa saa, hata ikiwa mpya, haifai kutoa zaidi ya ampea 4.4 hivi, iliyochakaa ni dhaifu zaidi. Kinachoweka mpaka hapa ni betri, wala si taa.

Ampea 0.7 kwa kila taa, yaani 2.1 kwa zote tatu, ni kiasi cha busara ikiwa betri ingali na nguvu zake. Betri iliyojaa hutoa volti 4.2, na LED nyeupe ya aina hii hutumia karibu volti 3. Volti 1.2 zinazobaki, zikigawanywa kwa 0.7, zinadai rezista ya omu 1.7, ile ya 1.8 ipatikanayo madukani yatosha. Kwa kuwa itameza karibu wati 0.8, inunuliwe ya wati 2. Mwangaza haupungui kwa nusu umeme ukipunguzwa kwa nusu, kwani LED hufanya kazi kwa ufanisi zaidi ikiwa haijalemewa.

Hata kwa kiasi hicho taa hizo hutumia wati 6 hivi, na sehemu kubwa yake huwa joto. Plastiki haiwezi kuliondoa. Taa zikazwe juu ya bamba la alumini linalogusana barabara na ganda la chuma, na fyuzi iwekwe karibu na betri.

Kabla ya kumkabidhi mteja, fundi apime umeme kwa mita, kisha aiache tochi ikiwaka kwa dakika kumi. Ganda likimchoma mkono, kiasi kipunguzwe. Betri iliyofura au iliyotoboka isitumiwe kamwe, wala isitupwe motoni.