Diploma ya Bunagana, Mtihani wa Goma

Kila mwaka wa masomo unapoanza Goma, mashariki mwa Kongo, walimu wa vyuo vikuu huwa na malalamiko yao ya msimu. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawawezi kuandika aya moja ya Kifaransa ikasimama, hawajui kusoma sura ya kitabu bila kuambiwa wapi pa kupigia mstari, na diploma ya serikali ya kumaliza sekondari siku hizi inapatikana kirahisi mno. Malalamiko hayo si ya uongo. Ubaya wake ni kwamba yanaishia pale kazi ilipotakiwa kuanza. Chuo kikishalalamika hupokea karo, hugawa silabusi (maandishi ya kozi), kisha hukaa kusubiri mitihani ifanye mchujo.

Tumchukue kijana aliyezaliwa Bunagana mwaka 2006. Si mtu fulani, ni hesabu ya kalenda tu. Aliingia darasa la kwanza Septemba 2012, miezi miwili baada ya waasi wa M23 kuuteka mji wake, pale mpakani na Uganda. Jeshi la serikali liliurudisha mwishoni mwa Oktoba 2013, naye yuko la pili. Machi 2020, akiwa la nane, shule za nchi nzima zilifungwa kwa ajili ya korona. Tarehe 13 Juni 2022 Bunagana ikaanguka tena, mwezi ambao kwa kawaida ni wa mitihani, na maelfu ya watu wakavuka kwenda Kisoro, Uganda. Wengine walishuka Rutshuru, na baadaye Goma. Alipofika mwaka wa mwisho wa sekondari, 2024, sehemu kubwa ya Rutshuru ilikuwa nje ya mikono ya serikali. Akaandikishwa chuo Goma, na mwisho wa Januari 2025 Goma nayo ikatekwa, masomo yakasimama, benki zikafunga milango. Huyu ndiye anayeitwa mwanafunzi asiye na msingi. Tungetenda haki zaidi kama tungesema kalenda yake ndiyo haina msingi.

Lakini vita havielezi kila kitu. Hata kijana wa Goma mjini, ambaye hakukimbia popote, hugonga ukuta huo huo, na sababu imo ndani ya mtihani wenyewe. Kikao cha kawaida cha mtihani wa serikali, kile cha siku nne, ni cha maswali ya kuchagua: unasoma swali, unatia alama kwenye jibu moja kati ya yaliyopangwa. Insha ya Kifaransa ipo, hufanywa mapema kidogo, lakini ni moja, na karatasi yake hairudi kamwe kwa aliyeiandika. Atajua asilimia aliyopata. Hatajua ni sentensi ipi iliyomwangusha. Huyu amezoezwa miaka mingi kulitambua jibu sahihi linapowekwa mbele yake. Miezi michache baadaye profesa anamwandikia ubaoni neno moja, "Jadili", na kumwachia karatasi nyeupe.

Halafu kuna lugha. Sheria ya elimu ya Februari 2014 imekubali lugha za taifa na za mazingira zifundishie shule ya msingi, na huku mashariki Kiswahili ndicho cha madarasa ya mwanzo. Bunagana nyumbani ni Kinyarwanda, sokoni Kiswahili, na ukivuka kizuizi cha mpaka unakutana na Kifumbira na Kiingereza. Kifaransa ni lugha ya daftari. Kijana anaweza kukueleza kwa Kiswahili kwa nini maharage yamepanda upande huu na kushuka upande ule, akabadilisha faranga kuwa dola na dola kuwa shilingi ya Uganda kichwani, bila kikokotoo. Mpe swali hilo hilo kwenye mtihani wa uchumi, ataandika "le prix est important" (bei ni muhimu) na kuweka nukta.

Nimewahi kupitia daftari la mwanafunzi wa namna hiyo. Mwandiko safi kuliko wangu, vichwa vya habari vimepigiwa mstari kwa rula. Mwalimu alikuwa akisoma na darasa likinakili, na katikati ya fasili ya mfumuko wa bei kijana ameandika kwa uaminifu mkubwa "à la ligne", maneno ambayo mwalimu aliyasema ili watu waanze mstari mpya. Kurasa mbili mbele yamo tena. Hakuna aliyeyaona, kwa kuwa chuoni hakuna anayefungua daftari la mwanafunzi. Kinachofunguliwa ni karatasi ya mtihani, miezi ikiwa imeshapita, na matokeo yake hurudi kama namba iliyobandikwa ukutani. Kwangu mimi ugonjwa uko hapo zaidi kuliko kwenye diploma: mwanafunzi anahukumiwa kabla hajawahi kusahihishwa.

Kongo haianzi leo kupambana na jambo hili. Chuo kikuu cha Lovanium, kilipofunguliwa karibu na Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka 1954, kiliweka mwaka wa kabla ya chuo kwa vijana ambao shule zao hazikuwa zimewafikisha. Baadaye vitivo kadhaa vya sayansi na uhandisi nchini vilikuwa na mwaka wao wa maandalizi, maarufu kama prepa. Wazo hilo bado lina watetezi, hasa miongoni mwa wasiolipa kodi ya chumba cha mwanafunzi. Kwa familia iliyoacha shamba Jomba, Rutshuru, na sasa inaishi kwa ndugu, mwaka wa ziada Goma ni njia ya kistaarabu ya kumwambia mtoto wao arudi nyumbani. Tena nyumbani penyewe hapapo.

Mfano wa kutazama uko jirani zaidi. Kambi ya Kiziba, wilaya ya Karongi huko Rwanda, imehifadhi Wakongomani tangu 1996, familia kutoka Kivu hii hii. Mwaka 2015 taasisi ya elimu ya Kepler, iliyokuwa imeanza Kigali mwaka 2013, ilifungua tawi ndani ya kambi, vijana wakasomea digrii za Southern New Hampshire University ya Marekani. Kwanza walifundishwa Kiingereza, kompyuta na kuandika. Mpango huo ulikuwa na wafadhili, ulikuwa na kompyuta za mkononi, na ulichukua watu wachache. Anayetaka kuuhamishia kwenye ukumbi wa Goma wenye mamia ya wanafunzi ajiandae kuchekwa. Lakini kuna kitu pale ambacho hakihitaji mfadhili. Kazi ya mwanafunzi ilirudishwa na moja kati ya majibu mawili: umeiweza, au bado. Aliyeambiwa bado aliifanya upya.

Jambo la pili linatoka mbali. Miaka ya 1970, Berkeley, California, mwanahisabati Uri Treisman alitaka kujua kwa nini wanafunzi weusi walianguka sana hesabu za mwaka wa kwanza. Wenzake walimpa majibu ambayo mwalimu yeyote wa Goma angeyatambua: hawana ari, hawana msingi, wazazi hawajali. Alipowafuatilia wanafunzi hao aliwakuta wanasoma kwa bidii, lakini kila mmoja peke yake. Wenzao wenye asili ya China walisoma peke yao kisha wakakutana, wakakaguana kazi. Treisman akaunda makundi, na ndani yake hakuweka hesabu nyepesi za kuwahurumia. Aliweka ngumu. Matokeo yalipanda.

Makundi hayo Goma yapo tayari, bila mradi wowote. Vijana wa Rutshuru hupanga chumba kimoja watu kadhaa na kununua silabusi moja. Chuo kingeyatambua tu, kikayapa swali gumu kila wiki, na kuwaacha walijadili kwa Kiswahili au Kinyarwanda mpaka walielewe, ndipo waandike kwa Kifaransa. Mfumo wa digrii wa LMD (licence, master, doctorat), ulioenezwa nchini kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, tayari unahesabu kazi binafsi ya mwanafunzi ndani ya kredi. Saa hizo, kwenye karatasi, zina taa; chumbani taa haina uhakika. Sehemu ya umeme wa Goma inatoka kituo cha umeme wa maji cha Matebe, Rutshuru, eneo ambalo wanafunzi wenyewe wamelikimbia, na nyaya nazo zimeonja vita.

Mtu ataniuliza: asistanti mmoja, wanafunzi mia tatu, nani atasoma? Ukurasa mmoja tu, wiki ya tatu, usio na maksi. Wanafunzi wa mwaka wa tatu waliofaulu vizuri wausome, wapigie mstari sehemu tatu, waurudishe ndani ya siku saba, na mwenyewe auandike upya. Kwenye orodha ya michango ya mwaka wa kwanza kuna mistari ambayo hata mzazi hajui ni ya nini. Mmoja zaidi, wa kuwalipa wasomaji hao, hautamshtua mtu. Upinzani sitegemei utoke kwa wazazi. Utatoka kwa mwalimu anayeuza silabusi na kutunga mtihani wa kuikariri: wanafunzi wakizoea kuandika wanachofikiri, itabidi akisome.