Mapigo, Kasi na Joto: Uchaguzi wa Kichakataji cha Kompyuta ya Mezani

Mtu aingiaye dukani kununua kompyuta ya mezani hukutana upesi na neno moja, nalo ni "spidi". Muuzaji humwambia ya kuwa kompyuta hii ina spidi ya gigahezi 4.5 na ile ina gigahezi 4.7; na mnunuzi, kwa kuwa nambari kubwa humpendeza kila mtu, hudhani ya kuwa ile ya pili ndiyo bora. Huenda ikawa kweli, na huenda isiwe. Neno "spidi", kama litumiwavyo madukani, limebeba maana mbili zisizofanana, na katika kuchanganyika kwa maana hizo fedha za watu hupotea. Makala haya yakusudia kuzitenga maana hizo mbili, na kueleza jinsi zinavyofungamana na jambo la tatu ambalo aghalabu halitajwi dukani hata kidogo, yaani joto.

Maana ya mapigo

Kichakataji ni kile kipande cha silikoni kilichomo ndani ya kasha la kompyuta, kifanyacho hesabu zote na kuziamrisha sehemu nyingine. Jina lake limetokana na kitenzi "kuchakata", ambacho hutumika pia kwa majani ya mkonge yanapopitishwa mashineni ili nyuzi zipatikane. Jina hilo lakifaa, kwani kiingiacho ni kibichi na kitokacho ni kitu cha kutumika.

Kazi hiyo haifanywi holela. Juu ya mazabodi mna kipande kidogo cha kwatzi kinachotetemeka kwa kipimo kisichobadilika. Kutokana na mtetemo huo hupatikana mapigo ya saa, na transista zote hufunguka na kufungika kwa kuyafuata, mfano wa wapiga makasia wanaovuta kwa sauti moja. Pigo moja kwa sekunde huitwa hezi. Mapigo milioni moja ni megahezi, na mapigo bilioni moja ni gigahezi. Kompyuta ya IBM iliyotolewa mwaka wa 1981 ilikuwa na kichakataji Intel 8088, nacho kilikwenda kwa megahezi 4.77. Vichakataji vikubwa vya siku hizi hupita gigahezi 5, yaani zaidi ya mara elfu moja.

Lakini idadi ya makasia yanayopigwa si sawa na masafa inayokwenda mashua. Mashua moja huweza kupigiwa makasia mara nyingi na isifike mbali, na nyingine, yenye makasia mapana na wavutaji wengi, ikaipita kwa mapigo machache. Kadhalika kichakataji. Kiasi cha kazi kinachofanywa katika pigo moja hutofautiana kwa namna kilivyosanifiwa, kwa idadi ya viini vyake, na kwa ukubwa wa akiba ya kumbukumbu iliyomo ndani yake. Basi yafaa gigahezi ziitwe "mapigo", na neno "kasi" liwekwe kwa kazi inayokamilika katika muda fulani.

Ushahidi wa tofauti hii upo katika historia. Mwezi wa Novemba 2000 kampuni ya Intel ilitoa Pentium 4, iliyosanifiwa makusudi ili mapigo yake yapande sana. Ilipofika Novemba 2004 yalikuwa yamefika gigahezi 3.8, na kichakataji hicho kilikadiriwa wati 115. Kile cha gigahezi 4 kilichokuwa kimeahidiwa kilifutwa kabla hakijauzwa. Mwezi wa Julai 2006 kampuni hiyo hiyo ilitoa Core 2 Duo. Mmoja wao, E6600, ulikwenda kwa gigahezi 2.4 tu na kukadiriwa wati 65, walakini uliishinda Pentium 4 katika kazi nyingi. Mapigo yalipungua na kasi ikaongezeka.

Joto latoka wapi

Kilichoizuia Pentium 4 ni joto. Kila transista inapofunguka na kufungika hutumia umeme kidogo, na umeme huo wote huishia kuwa joto. Joto hilo hukua sawasawa na mapigo, lakini hukua kwa kadiri ya mraba wa volteji. Na hapa ndipo penye mtego, kwa sababu transista ikitakiwa kufunguka upesi zaidi, aghalabu hapana budi kuisukuma kwa volteji kubwa zaidi. Tuseme mapigo yameongezwa kwa asilimia 10 na volteji kwa asilimia 10: joto halitaongezeka kwa asilimia 10, wala kwa 20, bali kwa asilimia 33. Kichakataji kilichokuwa kikitoa wati 100 sasa kitatoa wati 133, na kazi iliyoongezeka haizidi sehemu moja katika kumi.

Zamani tatizo hili lilikuwa na dawa. Mwaka wa 1974 Robert Dennard na wenzake wa IBM walionyesha ya kuwa transista ikipunguzwa ukubwa, na volteji yake ikipunguzwa kwa kadiri hiyo, joto linalotoka katika kila eneo la silikoni halitaongezeka. Kwa miaka thelathini hivi wasanifu waliishi kwa kanuni hiyo. Ilipofika katikati ya muongo wa kwanza wa karne hii, transista zilikuwa ndogo mno hata umeme ukawa unavuja ndani yake ingawa zimefungwa, na volteji haikuweza tena kushushwa kama ilivyokuwa ikishushwa awali. Tangu hapo mapigo yamepanda polepole sana, na wasanifu wakaona afadhali kuongeza viini.

Namna ya kupoza

Wati mia moja na zaidi, zikitoka katika eneo linalokaribia ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, sharti ziondolewe mara moja. Njia ya joto huanzia kwenye silikoni, ikapita katika kifuniko cha chuma, ikaingia katika kipozeo cha shaba au alumini chenye mapezi mengi membamba, na mwisho ikapokewa na hewa inayosukumwa na feni. Vipozeo bora huwa na mirija ya shaba yenye maji machache ndani yake. Maji hayo hugeuka mvuke upande wa moto, mvuke ukaenda upande wa baridi, ukageuka maji tena na kurudi.

Baina ya kifuniko na kipozeo hupakwa marhamu ya kupitisha joto. Nyuso mbili za chuma, hata zikionekana laini, zina vishimo vidogo vinavyoshika hewa, na hewa hupitisha joto vibaya mno. Marhamu huvijaza vishimo hivyo. Tone la kadiri ya punje ya njegere latosha, ikizidishwa, haisaidii. Baada ya miaka kadhaa hukauka, na kwa hiyo anunuaye kompyuta iliyokwisha kutumika afanya vema kuifuta ya zamani na kupaka mpya.

Wako wadhaniao ya kuwa kipozeo cha maji huliondoa joto kwa namna nyingine. Sivyo. Pampu huyachukua maji yenye joto mpaka kwenye rejeta, na pale feni hulitoa joto hewani kama kawaida. Maji hulihamisha tu mpaka mahali penye nafasi kubwa zaidi.

Kutokana na hayo ni dhahiri ya kuwa kipozeo cha feni, na hata cha maji, hakiwezi kukifanya kichakataji kiwe baridi kuliko hewa ya chumba. Hapa mtumiaji wa Dar es Salaam au Mombasa ana hesabu yake, tofauti na ya mtu wa London. Ikiwa kichakataji, kwa kazi fulani na kipozeo fulani, hupanda nyuzi 60 juu ya joto la hewa, basi katika chumba cha nyuzi 20 kitafika nyuzi 80, na katika chumba cha nyuzi 32, ambazo si ajabu pwani mwezi wa Februari, kitafika nyuzi 92. Vichakataji vingi hujipunguzia mapigo vyenyewe vifikapo baina ya nyuzi 95 na 100, ili visiungue. Vumbi likiziba mapezi, kikomo hicho hufikiwa mapema zaidi. Hivyo mtu aweza kulipia gigahezi 5 na asizipate ila kwa dakika za mwanzo tu.

Kuongeza mapigo

Kuongeza mapigo ni kukilazimisha kichakataji kwenda kwa mapigo mengi kuliko yale kilichouzwa nayo. Msingi wake ni huu: mtengenezaji hupima vipande vyake na kuvipanga daraja, na huacha nafasi ya usalama, tena, soko likitaka vingi vya bei nafuu, hata vile viwezavyo zaidi huuzwa kwa daraja la chini.

Mfano mashuhuri ni Celeron 300A wa mwaka wa 1998. Mapigo yake yalipatikana kwa kuzidisha mapigo ya njia ya mawasiliano ya mazabodi, yaliyokuwa megahezi 66, kwa nne na nusu, zikapatikana 300. Kizidisho kilikuwa kimefungwa, lakini mazabodi nyingine ziliweza kuipeleka njia hiyo kwa megahezi 100, na kwa kuzidisha tena kwa nne na nusu zikapatikana megahezi 450. Vipande vingi vilistahimili. Na kwa kuwa akiba yake ya kumbukumbu, kilobaiti 128, ilikuwa ndani ya silikoni ile ile na ikienda kwa mapigo yale yale, mtu mwenye fedha kidogo alipata kasi iliyokaribia ile ya Pentium II ya megahezi 450, iliyouzwa ghali mara kadhaa.

Nusu ya mapigo kuongezeka bure ni jambo la zamani. Tangu mwaka wa 2008 Intel ilianza kuvipa vichakataji vyake vya mezani uwezo wa kujipandishia mapigo vyenyewe pale joto na umeme viruhusupo, na AMD ikafuata mwaka wa 2010. Tangu 2011 uhuru wa kuongeza mapigo katika vichakataji vya kawaida vya Intel umekuwa, kwa sehemu kubwa, wa vile vyenye herufi K. Maana yake ni kwamba ile nafasi ya usalama iliyokuwa mali ya mnunuzi mjanja sasa yatumiwa na mtengenezaji mwenyewe. Faida inayobaki aghalabu ni asilimia chache tu.

Atakaye hata hivyo, na aende hatua kwa hatua: apandishe kizidisho kidogo, akipe kichakataji kazi nzito kwa saa kadhaa, atazame joto, ndipo apandishe tena. Volteji iwe ya mwisho kuguswa. Kompyuta kuzimika ghafula si hatari kubwa. Hatari kubwa ni hesabu kukosewa kimyakimya na majalada kuharibika bila mwenyewe kujua. Wala silikoni haisahau volteji iliyozidi. Mwaka wa 2024 Intel yenyewe ilieleza ya kuwa volteji iliyopanda kupita kiasi ilikuwa ikividhuru baadhi ya vichakataji vyake vya mezani vya kizazi cha 13 na cha 14, ikatoa marekebisho ya programu na kuongeza dhamana kwa miaka miwili. Ngoma ikilia sana hupasuka.

Iko pia njia ya kinyume, ambayo huwafaa zaidi watu wa nchi za joto, nayo ni kushusha volteji au kuweka kikomo cha wati. Ryzen 9 7950X ya mwaka wa 2022 ilikadiriwa wati 170, lakini mipangilio ya mazabodi huruhusu ishushwe mpaka 105 au 65. Kwa sababu ya kanuni ya mraba iliyoelezwa juu, kasi hupungua kidogo na joto hupungua sana.

Uchaguzi

Anunuaye na aanze na kazi, si na nambari. Kazi inayogawanyika, kama kutengeneza filamu, hutaka viini vingi. Kazi isiyogawanyika hutaka viini vichache vyenye nguvu. Michezo ya kompyuta hunufaika sana na akiba kubwa ya ndani. Zile gigahezi 4.5 na 4.7 zilizotajwa mwanzoni ni za Ryzen 7 5800X3D na Ryzen 7 5800X. Ile ya kwanza, iliyotolewa mwaka wa 2022, ina mapigo machache zaidi, lakini ina megabaiti 96 za akiba dhidi ya 32, na katika michezo mingi ndiyo ishindayo.

Baada ya kazi, atazame soketi ya mazabodi, kwa kuwa kichakataji cha AM5 hakiingii katika AM4. Kisha asome herufi: kwa Intel ya mezani, K ni kile kilichofunguliwa kizidisho, F ni kile kisicho na sehemu ya picha, na T ni kile cha wati chache. Mwisho aulize wati, na bei ya kipozeo kizifaacho aijumlishe katika bei ya kichakataji, kwani hivyo viwili ni kitu kimoja.

Lugha yaweza kumsaidia mnunuzi hapa. Akiwa na neno moja tu, "spidi", atauliza swali moja, naye atapewa jibu la nambari kubwa. Akiwa na maneno matatu atauliza maswali matatu: mapigo ni mangapi, kasi yake ni ipi katika kazi yangu, na joto lake litakwenda wapi. Muuzaji awezaye kuyajibu yote matatu ndiye anayestahili kupewa fedha.