Kwa nini mafuta yamepanda bei sokoni Kamembe?

(MUZIKI WA KUFUNGUA, kisha ushuke)

MTANGAZAJI: Leo tunazungumza na wewe mwenye biashara ndogo, hata kama mtaji wako wote ni jerikani moja ya mafuta ya kupikia.

Huenda umefika sokoni Kamembe ukakuta mafuta yamepanda. Unauliza, muuzaji anajibu: "Na mimi ndivyo nilivyonunua." Hakudanganyi. Mara nyingi bei hiyo imeanzia mbali.

Tukumbuke mwaka 2022. Tarehe 24 Februari Urusi iliivamia Ukraine, nchi iliyoongoza duniani kwa kuuza nje mafuta ya alizeti. Bandari zikafungwa. Wanunuzi wakakimbilia mafuta ya mawese. Indonesia, inayozalisha mawese mengi kuliko nchi zote, ikaona wananchi wake wanaumia kwa bei, na tarehe 28 Aprili ikazuia kuyauza nje. Zuio liliondolewa tarehe 23 Mei. Petroli nayo ilipanda, na Rwanda haina bahari: mizigo huja kwa lori kutoka Dar es Salaam au Mombasa. Kila mkono uliopokea jerikani uliongeza gharama yake, hadi ikakufikia wewe.

Lakini sikiliza hili pia. Katikati ya mwaka huohuo, bei ya mawese katika soko la dunia ilishuka sana. Ukikopa ujaze mzigo wakati bei iko juu, ikishuka unabaki na mafuta ghali na deni juu yake.

(MUZIKI MFUPI)

MTANGAZAJI: Sasa twende mpakani. Tangu mwaka 2008, sheria ya Rwanda inakataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko ya plastiki, yaani sashe. Mwaka 2019 vikaongezwa vifaa vya plastiki vya kutumia mara moja, kama mirija na sahani. Sababu ni kwamba plastiki haiozi. Huziba mifereji maji ya mvua yakakosa njia, na ng'ombe akiimeza anaweza kufa.

Kwa hiyo, kama kuna mtu anakuletea sambaza kutoka Bukavu, mwambie mapema asizifunge kwenye sashe. Zikikamatwa, faida ya siku imekwenda. Lakini sheria hiyohiyo imeleta kazi: mteja anahitaji kikapu, mfuko wa karatasi au wa kitambaa. Je, wewe unajua kusuka au kushona?

Basi shika mambo matatu. Kwanza, usiweke mtaji wote kwenye bidhaa moja. Pili, bei ikiwa juu, nunua kidogo kidogo, na usikope kwa pupa. Tatu, ulizia bei ya jumla kabla ya kuuza. Ukiuza kwa bei ya jana, huenda pesa hiyo isitoshe kununua mzigo wa kesho.

SWALI LA KIKUNDI: Ni bidhaa gani imepanda kwenu mwezi huu, na mmepunguza nini nyumbani ili muweze kuinunua?

(MUZIKI WA KUFUNGA)